Kila Sauti Ina Mwenyewe

Wajukuu zangu, sogeeni. Aliyenyoosha miguu mkekani aikunje, wenzake wa nyuma nao wapate pa kukaa.

Siku nyingine nikitamka hadithi njoo, nyote mnaitikia uongo njoo, nami naukaribisha huo uongo kwa mikono miwili. Leo ubaki nje ya mlango. Mmoja wenu, simtaji jina, ameniuliza kama ni kweli kwamba baharini usiku kuna watu wanaomwita mvuvi aliye peke yake, naye akigeuka haoni mtu. Swali la namna hiyo halijibiwi kwa uongo. Haya nitakayowasimulia yametokea, na mengine yameandikwa na wale wale yaliyowapata.

Najua mnachonong'ona. Sisi wa Nkuhungu, bahari inatuhusu nini? Kutoka hapa Dodoma hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 450 kwa barabara, na ardhi tuliyokalia iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Maji mengi kuliko yote mliyowahi kuyaona ni ya bwawa la Hombolo, au Mtera kwa waliotembea. Sawa. Lakini siku hizi treni inakushusha Dar kwa saa chache tu, na mtu hajui kesho ataamkia wapi. Tena mtoto wa nyanda za juu kavu ana faida yake: hajazoea. Mtoto wa Bagamoyo ukimwambia bahari huwaka usiku, atakujibu, "Ndiyo, kwani?" Nyinyi mtashangaa inavyostahili.

Tuanzie pwani yetu. Kuna chombo kinaitwa ngalawa. Ni gogo la mti, mara nyingi mwembe, limechongwa na kukombwa ndani, halafu likafungiwa miti na mbao mbili pembeni, moja kila upande, zinazogusa maji na kukizuia chombo kisipinduke. Katikati kuna mlingoti mfupi na tanga la pembetatu. Ndani ni kwembamba kiasi kwamba mtu mnene hukaa kwa hesabu. Mvuvi mmoja anaiweza: mkono huu usukani, mkono ule demani, yaani kamba inayolishika tanga. Usiku upepo wa nchi kavu, ambao wenyewe wanauita umande, unamsukuma kwenda nje. Mchana upepo wa bahari unamrudisha nyumbani. Katikati ya pepo hizo mbili anabaki na mshipi wake, giza, na masikio.

Masikio ndiyo yanayoanza kumsumbua. Akijilaza kidogo, shavu likagusa ubao, anasikia chini yake kitu kinatatarika. Hakipumziki. Kinatatarika mbele, nyuma, kulia, kushoto, hata mgeni wa bahari hudhani chombo kinapasuka. Wanaofanya hivyo ni kamba wadogo wa kwenye matumbawe, urefu wao haupiti kidole. Kamba huyu ana gando moja kubwa lisilolingana na mwili wake. Akilifunga kwa ghafla, maji yanafyatuka kwa kasi kubwa mpaka linatokea povu moja dogo, na povu hilo likijibonyeza ndipo mlio unapotoka. Kwa miaka mingi watu waliamini ni ncha za gando zinazogongana. Mwaka 2000 watafiti walipiga picha za kasi mno wakaona kwamba anayelia ni povu. Msiwadharau kwa udogo wao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wanamaji waliokuwa wakisikiliza nyambizi za adui chini ya bahari walitaabishwa na kelele za kamba hawa.

Hao ni wa kila usiku. Yuko mwingine anayekuja kwa msimu. Kati ya Julai na Novemba nyangumi wenye nundu hupanda kutoka kwenye bahari baridi za kusini, kuja kupandana na kuzaa kwenye maji yetu ya joto. Hupita Mtwara, Mafia, Unguja. Dume huimba. Simaanishi mlio mmoja wa kushtua. Wimbo wake una vipande vinavyofuatana kwa mpangilio, na ukiisha anaurudia tangu mwanzo, pengine kwa saa nyingi. Mwaka 1971 Wamarekani wawili, Roger Payne na Scott McVay, walichapisha uchunguzi wao wakieleza kwamba hizi ni nyimbo hasa, zenye beti na marudio. Sasa, sauti ndani ya maji hukimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na ubao wa chombo huipokea na kuipitisha. Hebu jiwekeni pale. Usiku wa manane, hakuna taa ya chombo kingine, na ubao uliokalia unaguna. Kisha unapandisha sauti. Kisha unalalama. Unaweka mkono, unasikia unatetemeka. Mwimbaji yuko mbali, huenda kilomita kadhaa, wala hana habari kama upo.

Au unasikia pumzi. Mtu anapumua karibu na sikio lako, pumzi moja nzito, halafu kimya. Huyo anaweza kuwa pomboo, anaweza kuwa kasa, na ukiwa na bahati kubwa anaweza kuwa nguva. Nguva ni mnyama anayenyonyesha. Hufika mita 3 kwa urefu, hula nyasi za baharini, na kila baada ya dakika chache lazima aibuke kuvuta hewa. Waliobaki kwetu ni wachache mno, hasa maeneo ya delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa. Hadithi za mwanamke mwenye mkia wa samaki mnazijua, sina haja ya kuzirudia. Mimi nasema tu kwamba aliyeona kichwa cha mviringo kikichomoza gizani, kikapumua, kikazama, na baadaye akasimulia kwamba aliona mtu, simlaumu.

Macho nayo yana yake. Majini kuna viumbe vidogo visivyoonekana, na ukivisumbua hutoa mwanga wa buluu. Kasia likiingia, cheche. Mshipi ukivutwa, mstari wa moto usiochoma. Na pomboo akipita chini ya ngalawa humwoni yeye, unaona umbo la mwanga likija kwa kasi moja kwa moja kwako, linazama chini yako, linatokea upande wa pili na kupinda. Mara ya kwanza mtu hushika kingo za chombo kwa mikono yote miwili na kumkumbuka Mungu.

Huo ni mwanga wa vipande vipande. Mabaharia wa zamani walisimulia na jambo kubwa zaidi: bahari yote kuwa nyeupe, kutoka upeo hadi upeo, mwanga usiopepesa, chombo kikielea juu yake chini ya anga jeusi. Wasomi wengi waliwasikiliza kwa adabu na kuwaweka kwenye fungu la watia chumvi. Januari 1995 meli ya Kiingereza iitwayo Lima ilikuwa ikipita nje ya pwani ya Somalia, katika bahari hii hii yetu ya Hindi. Nahodha wake aliandika kwamba wameingia ndani ya maji meupe na kusafiri humo kwa saa kadhaa. Miaka kumi baadaye, mwaka 2005, mtafiti Steven Miller na wenzake walifukua picha za setilaiti za usiku ule ule. Doa la mwanga lilikuwapo, mahali pale pale, na lilionekana kwa usiku tatu mfululizo. Ukubwa wake ulikuwa kama kilomita za mraba 15,400. Mkoa wetu wote wa Dodoma ni kama 41,000. Basi kata zaidi ya theluthi ya mkoa, uiwashe. Wanaodhaniwa kuwasha ni bakteria. Wakiwa wachache hukaa gizani. Wakishaongezeka vya kutosha na kila mmoja akahisi wenzake wamemzunguka, wote huwaka pamoja na hawazimi.

Mpaka hapo kazi imekuwa rahisi. Kila sauti na kila mwanga tumempata mwenyewe, ana gando, ana mapezi, au ni mdogo hata haonekani. Lakini aliyeniuliza swali hakuuliza habari za kamba. Aliuliza kuhusu anayeita jina.

Nani hapa hajawahi kuitwa na mvua? Mvua ya Januari ikilipiga bati usiku, unasikia kabisa mama anakuita. Unaitikia, "Abee mama!" Mama anakwambia kutoka chumbani kwake, "Sijakuita, lala." Mvua kwenye bati huleta kelele za kila namna kwa wakati mmoja, na ubongo wako, ambao haupendi kelele zisizo na maana, unachambua humo ndani na kuokota kipande kinachofanana na kitu unachokifahamu. Na hakuna neno unalolifahamu kuliko jina lako. Huku kwetu mvua inakatika baada ya saa moja au mbili. Baharini mawimbi yanapiga ubao siku nzima na usiku kucha, kamba zinapiga mlingoti, tanga linapwaya na kujaa, na mama hayupo wa kukwambia lala.

Macho pia yanadanganyika. Jambo hili mnaweza kulijaribu wenyewe. Umeme ukikatika, mwombe mkubwa awashe ile dawa ya mbu ya kuzunguka aiweke pembe ya mbali ya chumba chenye giza totoro. Kaa, kitazame kile kidoa chekundu, usihamishe macho. Muda si mrefu kitaanza kutembea. Kitasogea kushoto, kitapanda, kitasimama, ilhali hakijaondoka mahali pake. Macho hayatulii hata ukiyaamuru, na gizani hakuna ukuta wala mlango wa kupimia, kwa hiyo ubongo unasema kinachosogea ni kidoa. Mtu aliye peke yake baharini anaitazama nyota iliyo chini karibu na maji, inaanza kutembea, naye anaamini ni taa ya chombo kinachokuja. Wengine wamegeuza usukani kuikwepa nyota.

Mchana ana mazigazi, ambayo nyinyi mnayajua kuliko yeye. Saa nane mchana kwenye barabara ya Singida lami inajaa maji yasiyokuwepo. Baharini hewa ya joto na ya baridi zikipangana vibaya, kisiwa kinang'oka na kuelea angani. Nayapita haraka, maana yamechosha vitabu.

Kubwa kuliko yote ni usingizi. Aliye peke yake chomboni hawezi kulala usiku mzima. Nani atatazama meli? Analala nusu saa, anaamka, anachungulia, analala tena, siku baada ya siku. Kati ya Desemba 1963 na Januari 1964 kijana wa shule huko San Diego, Marekani, Randy Gardner, mwenye miaka 17, alikaa macho siku 11 ili watu wapime kinachotokea. Siku ya nne tu alikitazama kibao cha barabarani akaona ni mtu. Alikuwa mjini, amezungukwa na marafiki, na chakula kipo. Ongeza chumvi mwilini, baridi, njaa, na maji kila upande.

Sasa namleta mtu niliyekuwa namngojea tangu mwanzo. Anaitwa Joshua Slocum.

Alizaliwa Nova Scotia, Kanada, mwaka 1844. Akaenda baharini akiwa kijana, akapanda mpaka akawa nahodha wa meli kubwa za matanga. Kisha zikaja meli za moshi, na manahodha wa matanga wakabaki wakihesabu mawimbi ufukweni. Rafiki yake mmoja akampa chombo kibovu kilichokuwa kimewekwa shambani, mbali na maji. Slocum alikiunda upya kwa mikono yake kwa miezi 13. Urefu wake kama mita 11, jina lake Spray. Tarehe 24 Aprili 1895 aliondoka bandari ya Boston peke yake, kwenda kuizunguka dunia. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Na hakujua kuogelea.

Siku za mwanzo ukungu ulimfunika, upweke ukamkaba. Akaingiwa na hofu kwamba asipozungumza atasahau kuzungumza. Basi akawa anatoa amri kwa sauti kubwa, na akiwa chumbani anapaza sauti kumwuliza mshika usukani chombo kinaelekea wapi. Mshika usukani hakuwepo, jibu halikuja, na kimya kile kikamwuma kuliko mwanzo. Akaacha amri, akaanza kuimba. Kwa maelezo yake, kasa walitoa vichwa majini wakamkodolea macho na pomboo wakaruka. Usiku mmoja mwezi ulipochomoza mbele yake aliusalimia kama mtu aliyekutana na jirani.

Huyo bado alikuwa mzima kabisa. Anajua anayemwamkia ni mwezi.

Mwezi Julai alifika visiwa vya Azores, mali ya Ureno, katikati ya Atlantiki. Watu wakarimu wakampa jibini nyeupe na plamu, haya haya matunda tunayoletewa kutoka Lushoto. Alipotweka tena akala vyote viwili mpaka akashiba, na usiku tumbo likamkata. Upepo nao ulikuwa unaongezeka. Alijua kabisa kwamba inampasa kupunguza matanga zaidi, ila maumivu yalimshinda. Akakielekeza chombo kwenye njia yake, akashuka chumbani, akaanguka sakafuni, na fahamu zikamtoka.

Alipozinduka, Spray ilikuwa ikirushwa na mawimbi makubwa. Akachungulia nje. Penye usukani alisimama mtu mrefu, ameshika usukani barabara. Alivaa kofia kubwa nyekundu iliyoangukia sikio la kushoto, ndevu nyeusi tele. Slocum alijisemea huyu ni haramia, na leo nachinjwa. Yule mtu akavua kofia kwa adabu. Akasema hakuja kwa ubaya, yeye ni baharia wa Columbus, mwongozaji wa Pinta, moja ya zile merikebu tatu za mwaka 1492. Kwa hesabu hiyo alikuwa ameshika usukani wa mtu mwingine miaka 403 baadaye. Akamwambia mgonjwa alale, yeye atakiongoza chombo usiku ule. Tena akamkaripia kwa kuchanganya jibini na plamu. Mgeni wa namna hiyo, anayekuja na ushauri wa tumbo, ningependa apite huku msimu wa maembe mabichi. Halafu mwongozaji akaanza kuimba, na Slocum, mgonjwa hivyo hivyo, akamtaka anyamaze kwa sababu wimbo wenyewe haukumpendeza.

Asubuhi jua lilikuwa juu. Mawimbi yalikuwa yameosha sitaha na kuchukua kila kisichofungwa. Lakini Spray ilikuwa kwenye njia ile ile, na usiku ule ilikuwa imekata maili 90 za baharini, zaidi ya kilomita 160, mbali kuliko kutoka hapa hadi Manyoni, kwenye bahari iliyochafuka. Slocum alimshukuru yule mzee moyoni, akabaki akishangaa tu kwa nini hakumsaidia kulishusha tanga la mbele. Plamu zilizobaki akazitupa baharini. Akalala juani, na mwongozaji akamjia tena, safari hii ndotoni, akaahidi kuwa naye mara kwa mara kwa sababu anapenda safari.

Wapo wanaosema Slocum alitunga ili kitabu kiuzike. Mimi sioni hivyo. Mtunzi angemfanya mgeni wake mkamilifu, asingemlaumu kwa kuacha tanga bila kushushwa. Hebu tumtafute mwenyewe, kama tulivyofanya kwa kamba.

Hapa wenyewe ni wawili. Wa kwanza ni chombo. Spray ilikuwa pana, yenye mkuku mrefu chini, na Slocum aliyapanga matanga yake yakapatana sawasawa na usukani. Akiufunga usukani kwa kamba, chombo kilijishika chenyewe: kikienda kombo kidogo, upepo unakirudisha. Miaka miwili baadaye, mwaka 1897, alivuka Bahari ya Hindi kutoka Thursday Island, kaskazini mwa Australia, hadi visiwa vya Cocos, maili 2,700 kwa siku 23. Katika siku zote hizo alishika usukani kwa muda usiozidi saa tatu. Kwa hiyo aliyeongoza usiku ule wa plamu alikuwa ubao na tanga, na kazi ya fundi aliyeviunda. Fundi mwenyewe alikuwa amelala sakafuni.

Wa pili ni yule mwenye kofia. Mwaka 2014 watafiti wa Lausanne, Uswisi, walimfunga mtu macho, wakamziba masikio, wakampa mbele yake kifaa cha kusogeza kwa kidole. Nyuma yake roboti ilifuata mwendo wa kidole hicho na kumgusa mgongoni. Vikienda pamoja, mtu anahisi anajigusa mwenyewe. Kisha wakaichelewesha roboti kama nusu sekunde. Baadhi ya watu wakahisi wazi kwamba kuna mtu mwingine nyuma yao, na wawili wakaomba jaribio likome. Ubongo wetu kila wakati unatunza habari za mwili: niko hapa, mkono wangu pale, anayegusa ni mimi. Habari hizo zikichelewa au zikivurugika, ubongo hauulizi kama umekosea. Unasema hapa tuko wawili. Kwa Slocum zilivurugwa na maumivu, homa, kukosa usingizi, na sakafu isiyotulia. Mtu wa pili alitoka humo humo kichwani, akapewa kofia na kazi. Na angalieni alipewa kazi gani: ile ile ambayo Slocum mgonjwa aliitamani sana ifanywe na mtu mwingine.

Kwa hiyo, kijana uliyeuliza, jibu ni ndiyo. Mvuvi huitwa. Wazee wengi wa pwani, na hata wa huku, wanafundisha usiitikie sauti ya usiku mpaka umemwona anayekuita. Kuna watakaoucheka usemi huo. Mimi nimeufikiria kwa upande wa ngalawa, nikaona una akili ya chombo ndani yake. Anayeitikia hugeuka. Anayegeuka huinama upande mmoja na mkono wake huuvuta usukani, na ngalawa ni nyembamba, bahari haina huruma na mtu aliyegeuka. Asiyeitikia anapata dakika ya kutazama vile visivyoota ndoto: nyota iko bega gani, upepo unapiga shavu lipi, dira inasema nini kama anayo.

Dira ndiyo iliyomwokoa Mfaransa mmoja, Bernard Moitessier, aliyeiita mashua yake Joshua kwa heshima ya Slocum. Desemba 1968 alikuwa peke yake kusini mwa New Zealand, karibu na kisiwa cha Stewart, wakati pomboo wapatao mia walipomzunguka. Hawakucheza kama kawaida yao. Kundi lao moja lilikuwa likijipanga mstari, likikimbia mbele na kukata kulia kwa ghafla, kisha likirudi na kufanya vile vile, tena na tena. Moitessier hakuwafuata pomboo. Aliinama akaitazama dira. Upepo ulikuwa umegeuka bila yeye kutambua, na Joshua ilikuwa inakwenda moja kwa moja kwenye miamba ya kisiwa. Akageuza, kulia. Pomboo mmoja mkubwa akaruka juu na kujizungusha hewani mara tatu. Kwamba pomboo walikuwa wanamwonya, au wanawinda, au wana mambo yao, hilo kila mtu na aseme lake. Dira haikuhitaji kuamini lolote.

Bado nina kisa kimoja kabla ya chakula, kinamhusu Slocum yule yule. Kutoka Cocos aliendelea magharibi, na Septemba 1897 akakiona kisiwa cha Rodrigues, mashariki ya Morisi. Siku chache kabla, padri wa pale alikuwa amewahubiria waumini wake habari za kuja kwa Mpinga Kristo. Watu wamekaa na mahubiri hayo vichwani, mara wanaona chombo kinatokea baharini ndani ya dhoruba, matanga yote meupe, kinakimbia hadi kwenye ufukwe wao bila kupunguza, na ndani yake kuna mtu mmoja tu. Wakapiga kelele kwamba ndiye huyo, amekuja na amepanda mashua.

Gavana na familia yake hawakuwa na hofu hiyo, wakamkaribisha. Bibi mmoja mzee alikuwa nayo. Aliposikia kwamba mgeni ameshuka, alikimbilia kwake akafunga mlango. Aliposikia kwamba anapanda barabara ya kwake kwa miguu, akaukaza kwa kila alichonacho. Slocum alikaa Rodrigues siku nane. Kwa siku nane hizo bibi yule hakutoka nje.